Bendera Ukutani, Kiwanja Hewani

Mara ya kwanza kukuta bendera ndani ya friza yangu ilikuwa Jumamosi mchana mwaka 2019, wageni wako njiani na mimi namtafuta changu niliyemnunua Feri asubuhi. Chini ya mfuko wa maharage nikavuta kifurushi cha plastiki kilichozungushiwa selotepu kila upande. Nikadhani ni maini. Nilipoanza kukichana, mume wangu akapiga kelele kutoka sebuleni.

"Mama, usifungue! Bado wiki moja. Mayai ya nondo hayajafa."

Maini yenyewe yalikuwa kitambaa cha sufu, buluu, chenye nyota ya manjano katikati. Ndiyo aina ya bendera ya Force Publique, jeshi la Wabelgiji wa Kongo, walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 baada ya Wajerumani kuukimbia mji. Mume wangu ni mtu wa Tabora, kwa hiyo eti ile ilikuwa bendera inayomhusu. Nilimwangalia yeye, nikamwangalia samaki wangu, nikafunga friza. Wageni walikula vizuri tu, na hakuna aliyejua kitoweo chake kililala na jeshi.

Nawajua wanawake wenzangu wanaopambana na bia, na mpira wa Ulaya, na nyumba ndogo ya Sinza. Mimi mwenzenu mpinzani wangu ana zaidi ya miaka mia moja, ameliwa na nondo, na hafuliwi kwa maji.

Sanduku la Babu

Ugonjwa ulianzia kwa babu yake. Mzee alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na ya Kati. Vita ya pili ya dunia ilimpeleka hadi Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliolipita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mwaka 1944 mpaka wakauvuka mto Chindwin. Alirudi na nishani, malaria na kimya. Alipofariki, wakubwa waligawana ng'ombe na mashamba. Mume wangu, mjukuu wa mwisho, akaambulia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, nishani ya Burma Star, na kitambaa cheupe cha mraba chenye mstari wa buluu katikati, kimeoza pembe moja.

Baba zake wakubwa walidhani ni kitambaa cha mezani. Kumbe ilikuwa bendera ya ishara. Askari wa mawasiliano alisimama mahali pa wazi na bendera moja kwenye fimbo, akaongea kwa Morse: akipunga kidogo ni nukta, akipunga sana ni kistari. Nyeupe yenye mstari ni ya kusimama mbele ya msitu au mlima, mahali penye giza. Ya buluu tupu ni ya kusimama mbele ya mbingu. Na kwenye upindo wa ile ya Babu kulikuwa na kimshale kidogo kilichofifia, alama ambayo serikali ya Uingereza iliipiga kwenye mali yake, kuanzia bunduki hadi blanketi. Mtu mzima aliniambia alilia alipokiona hicho kimshale. Mzee hakuwahi kumwambia hata siku moja kwamba kazi yake vitani ilikuwa kuongea.

Wakati huo tulikuwa bado wachumba. Wenzangu walikuwa wanapelekwa Coco Beach kula mihogo. Mimi nilisimamishwa juani pale Posta, kwenye sanamu ya Askari, nikafundishwa. Ile ya shaba tunayoijua Waingereza waliizindua mwaka 1927. Kabla yake Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa mwaka 1889 kuzima upinzani wa Abushiri pwani, na jeshi lake ndilo lililozaa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, mwaka 1891. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1909. Wissmann alikuwa juu, anaangalia mbali. Chini yake askari Mwafrika anamfunika simba anayekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza waliiondoa walipouteka mji, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968.

"Huyo simba ni nani?" nikamuuliza.

"Sisi," akanijibu.

Nadhani nilianza kumpenda pale. Kumbukeni huyo simba, atarudi.

Milioni mbili na laki nne

Kufikia mwaka 2023 alikuwa na vitu saba, vingi vidogo: vibendera vya pembetatu, bendera mbili za ishara, ile ya friza, na bendera nyekundu ya Tanganyika ya Waingereza yenye kichwa cha twiga. Sikatai, wakati mwingine raha ilikuwepo. Mume wangu akianza kusimulia, hata shemeji zangu wanaweka simu chini. Atakwambia neno "bendera" lenyewe tulilichukua kwa Wareno. Atakwambia vita ya Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 haikumaliza hata saa moja, na kwamba iliisha bendera nyekundu ya jumba la Sultani ilipoangushwa kwa mizinga. Au ya Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza aliyeletewa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, mpaka Ziwa Tanganyika, akaiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915. Huyo bwana alipenda makuu kiasi kwamba kambini kwake alipandisha bendera ya admirali, cheo ambacho hakuwa nacho. Hapo mume wangu hucheka peke yake kabla hajamaliza.

Julai 2023 kikaja kifurushi kutoka Ulaya. Hiki hakikwenda friza. Kilikwenda Mwenge kwa fundi wa fremu, kikarudi na kioo, kikapanda juu ya televisheni. Mistari mitatu, mweusi, mweupe na mwekundu, na katikati ngao yenye kichwa cha simba. Kulikuwa na cheti chenye muhuri mzuri tu: ilipepea kwenye boma la Tabora mpaka mwaka 1916. Mume wangu alisema imemgharimu laki tatu. Nilinuna siku mbili, nikaacha. Si unajua ndoa.

Bibi akala nje

Novemba mwaka huohuo bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka Songea kutibiwa macho. Wiki chache kabla, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa amefika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliwafanyia watu wetu katika vita ya 1905 hadi 1907. Bibi alikuwa bado anayo hiyo habari kinywani. Babu yake yeye alikuwa mmoja wa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kwetu hilo si somo la darasa la sita, ni mtu ambaye jina lake tumepewa watoto watatu.

Bibi na mume wangu wana utani wa kufa mtu. Anamwita "mume wangu", anamdai mahari yake, anamwambia mimi ni msaidizi tu wa jikoni. Siku ile ya kwanza walicheka tangu mlangoni. Tukaketi kula. Bibi, jicho moja limefungwa bandeji, akainua uso ukutani.

"Mume wangu, hiki kitambaa ni cha nani?"

Naye kwa furaha, masikini, akamweleza. Jeshi la Wajerumani, Bibi. Enzi hizohizo za Majimaji. Ni kitu adimu sana.

Bibi hakusema neno. Alichukua sahani yake, akajifunga kitenge vizuri, akatoka barazani. Nilimfuata. Alikuwa anakula taratibu, ameupa mlango mgongo.

"Watu wetu waliponyongwa," akaniambia, "kitambaa chao kilikuwa juu ya mlingoti hapohapo. Mimi nitakula nje. Msigombane."

Tuligombana. Sitaandika yote. Mume wangu alisema, na mimi namkubalia sehemu hii, kwamba kama sisi tusipokusanya watakusanya wao peke yao, halafu historia yetu tutakuwa tunaiomba kwa barua. Mimi nikamwambia kutunza ni jambo moja na kutundika ni jambo jingine. Wajerumani waliwagawia machifu bendera, na kuipandisha kwako ndiyo ilikuwa ishara kwamba umekubali kutawaliwa. Sasa wewe umejipandishia mwenyewe, juu ya televisheni, kwa misumari minne.

Akaishusha. Nikamsaidia kuitoa kwenye fremu, maana kioo kilikuwa kizito. Na hapo ndipo nilipoushika upindo.

Tochi ya noti

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Nimekulia chini ya meza ya Singer, nikiokota vipande vya uzi. Uzi wa pamba wa zamani ukiuvuta unakatika, na ncha yake inakuwa na manyoya. Huu ulinyooka, ukang'aa, ukagoma. Nikaupitisha kidoleni tena. Moyo ukaanza kwenda mbio.

Nafanya kazi benki. Kwenye pochi ninatembea na tochi ndogo ya kukagulia noti, zile za Kariakoo za bei poa. Noti halali karatasi yake haing'ai chini ya mwanga ule, ya bandia mara nyingi inawaka kama shati jeupe disko. Nguo nazo zina tabia hiyo: nyuzi na vitambaa vingi vya siku hizi vimewekewa kemikali za kung'arisha weupe, ambazo mwaka 1916 hazikuwepo kiwandani. Nikazima taa ya chumbani.

Mshono wote uliwaka. Mstari mweupe uliwaka. Simba naye akawaka, meno na yote.

Nilichomoa uzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu. Huu uliyeyuka, ukawa kijishanga cheusi. Poliyesta. Ile rangi ya uzee ya kahawia pembeni, nina hakika ni chai.

Lakini kilichonimaliza si uzi. Mume wangu alikaa kitandani gizani, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata huyo simba mwenyewe hakuwahi kuwepo. Mwaka 1914 Wilhelm Solf, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Ujerumani, alipanga kila koloni liwe na ngao yake: Afrika Mashariki kichwa cha simba, Kamerun tembo. Agosti vita ikalipuka, mipango ikawekwa kando, haikupitishwa tena. Hakuna boma lililopandisha bendera ile, iwe Tabora au kwingine.

"Ulijua?"

"Nilisoma mahali. Nikajifanya sikusoma. Aliyeniuzia aliandika Tabora."

Nikamuuliza, kwa hiyo laki tatu imekwenda hivyo? Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Si laki tatu. Ni milioni mbili na laki nne, mbali na ushuru. Ndiyo ile awamu ya tatu ya kiwanja cha Chanika."

Awamu ambayo aliniambia ameshalipa. Nilikuwa nimeshaanza kuchora jiko.

Wasomaji wa ukurasa huu mnapenda kuuliza, ulimsamehe vipi? Sijui kama kuna vipi. Alilala sebuleni siku kumi na moja, chini ya ukuta wenye matundu manne. Muuzaji aliandikiwa barua tatu, akajibu moja, kisha akapotea. Katikati ya hayo rafiki yake anayesoma Ujerumani akamtumia ujumbe: ndugu, toa hiyo picha kwenye WhatsApp yako. Kumbe alikuwa ameiweka simba na rangi zake kama picha yake, na kwa wenzetu rangi hizo sasa zina wenyewe. Watu wa siasa kali za mrengo wa kulia wanazibeba, na Agosti 2020 walipanda nazo mpaka kwenye ngazi za bunge Berlin. Jamaa yangu akatoa picha, akaweka ya mtoto.

Kilichonilainisha, nadhani, ni kwamba hakuwahi kumlaumu Bibi. Angeweza kusema mzee wa watu alisusa chakula kwa ajili ya poliyesta. Mimi mwenyewe wazo hilo lilinipitia. Yeye alisema, "Bendera ni ya uongo, lakini mimi nilimwambia ni ya kweli, na nilikuwa nafurahi."

Kabla Bibi hajaondoka, alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, akapiga goti. Akamletea pia kitambaa cha babu yake akimwonyesha tofauti, kwamba huyu alikuwa Keya, alipigana Burma. Bibi akakishika kwa vidole viwili.

"Na huyu Keya, naye alitumwa na nani?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Keya haohao ndio Waingereza waliowatumia Kenya dhidi ya Mau Mau miaka ya hamsini.

"Walioshika kamba Songea hawakuwa wazungu peke yao, mume wangu," Bibi akaendelea. "Askari walikuwa weusi kama wewe. Nao walikuwa na wajukuu." Kisha akakikunja kile kitambaa, akamrudishia kwa mikono miwili. "Kitunze. Usikitundike." Halafu akadai mahari yake.

Kama na wewe una mgonjwa nyumbani

Nimejifunza mambo kwa bei mbaya, chukueni bure. Mkikuta bendera ya "Deutsch-Ostafrika" yenye simba inauzwa kama kitu cha vitani, funga ukurasa. Mtu akikuuzia bendera kuu ya kikosi cha Waingereza, ile ya hariri iliyotariziwa, jiulize imetokaje, maana hizo zikistaafu desturi yake ni kulazwa kanisani au makumbusho, haziachwi sokoni. Cheti usikisome kwanza. Soma upindo: kamba, mshono, muhuri wa ghala au wa kiwanda, na mahali palipochakaa. Bendera iliyopepea kweli huchanika upande wa mbali na mlingoti, huko upepo unakoipiga. Iliyochakaa sawasawa pande zote nne imechakazwa na mtu.

Na ukipata ya kweli, usiifue. Rangi nyekundu za zamani zinatoka zikiona maji, na hapo umemaliza kila kitu. Usiikunje, izungushe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kwa karatasi laini isiyo na asidi, uiweke gizani, mbali na joto la Dar na unyevu wake. Friza inakubalika kuua wadudu, kama wiki mbili, lakini ndani ya plastiki iliyozibwa vizuri. Na mwambie mke wako kabla.

Kwetu sheria ni mbili. Haununuliwi uzi ambao sijaumulika. Na pesa ya bendera inatoka kwenye bendera. Ile ya friza pamoja na ya twiga tulimuuzia mkusanyaji mmoja wa Arusha, aliyekuja na tochi yake mwenyewe, nikampenda hapohapo. Ya simba iko chini ya kitanda. Nilitaka kuichoma, mume wangu akaniomba abaki nayo ili asisahau, na mimi sina nguvu ya kubishana na mtu anayetaka kukumbuka ujinga wake.

Agosti 2024 tulikwenda Chanika na karanga za kuchemsha kukiangalia kiwanja. Tulikuwa tumelipa awamu ya tatu, tena na faini. Yeye alisimama kwenye bikoni ya huku na mimi nikaenda kwenye bikoni ya kule, tupime kama kweli ni hatua thelathini. Nilipogeuka, alikuwa amekata fimbo ya mjohoro, ameifunga kanga yangu ya kukalia, na anaipunga. Kidogo, kidogo, sana. Anasimama. Sana, kidogo. Jasho linamtoka. Mafundi wa kiwanja jirani wakaacha zege wakawa wanamwangalia.

Sikuelewa hata herufi moja. Nikampigia simu kumuuliza anasema nini.

"Imebaki laki nane," akasema, huku akihema.

Nikamwambia ashushe mkono wangu wa kanga, aje tule karanga.